Taa Zilizoyeyuka Misikhu

Kuna watu Kitale waliokuwa wakisema fundi wa kike wa umeme wa magari ni mkosi. Karibu wote waliishia kuniletea magari yao. Sijisifu, nasema lililokuwepo. Mwaka wa 2006, kama taa za gari lako zilikuwa zinafifia ukipiga honi, au betri inakufa kila asubuhi na hujui kwa nini, ungeambiwa nenda kwa Nasike, kibanda cha mabati ya bluu nyuma ya soko. Ungenikuta nimelala chini ya usukani, miguu nje, na kabla hujamaliza kueleza shida yako ningekuwa nimeshaushika waya wenye makosa.

Kitale walijua hivyo. Nyumbani Misikhu, mwendo wa saa moja tu kwa barabara, hawakujua kitu. Baba yangu, Mzee Jairus, alikuwa naibu wa chifu kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu, na watu wa kanisa lake aliwaambia kwamba binti yake mkubwa yuko ofisini Kitale. Ofisi gani, hakusema, na kwa heshima yake hakuna aliyeuliza. Nilipokwenda kumsalimia alinitazama vidole kwanza, uso baadaye. Grisi haitoki yote hata usugue na mchanga.

Iliniuma. Sitasema iliniuma kidogo ili nionekane mtu mzima. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimesomesha mdogo wangu Joan chuo cha ualimu kwa kazi ya hivi vidole, na bado baba yangu alinificha. Siku hizo nilitaka kitu kimoja tu duniani: Baba aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mimi ni fundi na ni wake.

Basi Joan akapata mchumba. Kizito, kijana mpole wa Kitale, muuzaji wa mbegu za mahindi, mtu wa kucheka kabla hujamaliza utani. Harusi ikapangwa Jumamosi ya pili ya Desemba, kanisani kwetu Misikhu. Kizito akaniletea rafiki yake Zachary, mwenyekiti wa kamati ya magari. Zachary alikuwa na kifua mbele na simu mbili, na alikuwa amekusanya Corolla sita, zote nyeupe.

"Fundi," akaniambia, "hizi gari ziko sawa, lakini taa zake zimekufa. Ona hii, imekuwa manjano kama meno ya mzee. Nataka taa za kuonekana mchana."

Nilimwelewa. Kwetu msafara wa harusi huwasha taa mchana kweupe, kutoka nyumbani kwa bibi harusi mpaka kanisani, na watu wakisimama kando ya barabara huipima harusi kwa taa hizo. Harusi yenye taa hafifu husengenywa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Nikaona papo hapo kwamba hii ndiyo nafasi yangu. Baba atakuwa pale na kanisa lote litakuwa pale, na msafara utakapokuja na taa za kuumiza macho, mtu atauliza ni nani aliyezifunga. Atafanya nini Baba? Atalazimika kusema.

Nikapanda gari kwenda Bungoma, kwa Naim. Duka la Naim lilikuwa hatua chache kutoka msikitini, spea zimepangwa mpaka darini, na yeye na mkewe Zaitun walikuwa wanajua kila boksi liko wapi bila kuandika popote. Nilikuwa nimenunua kwake miaka sita na hakuwahi kuniuzia kitu akaniambia ni kingine. Kama ni cha Japani alisema cha Japani, kama ni cha kuigiza alisema cha kuigiza.

Akanishushia taa mpya kumi na mbili za Corolla. Zilikuwa za kuigiza, si za waliounda gari, lakini zilikuwa nzuri ajabu. Uso wa taa ulikuwa mwangavu bila mistari, na ndani ilikuwa fedha tupu, unaweza kujipodoa. Kisha nikamwomba balbu za wati mia.

Naim aliacha alichokuwa anafanya. Akaigeuza taa moja, akaniwekea kidole kwenye mgongo wa taa hiyo.

"Fundi, soma hapa. Sitini. Hii taa yote ni plastiki, ndani imepakwa tu rangi ya fedha. Uso wake pia plastiki. Ukiweka mia itapika."

"Naim," nikamwambia, "wewe uza, mimi nifunge."

Alicheka, akatikisa kichwa, akanipa balbu. "Haya, dada. Wewe ndiye fundi."

Mnaweza kusema nilikuwa na kichwa kigumu. Nilikuwa nacho. Lakini nilikuwa na sababu zangu pia. Balbu za mia nilishaziweka kwenye malori mengi, na hayakurudi na shida. Sikusimama kufikiri kwamba lori lile kuukuu lina taa ya kioo na bati, na hii ni plastiki. Halafu nilijua mahali ambapo mafundi wengine huharibu: wanaweka balbu kubwa kwenye waya zilezile nyembamba za gari, waya zinapata moto, swichi inaungua, mwenye gari analia. Mimi si wa hivyo. Nilivuta waya mpya nene kutoka kwenye betri, nikaweka rilei mbili kila gari, swichi ndogo za sumaku, na fyuzi yake, nikafunga kila kiungo kwa mikono yangu. Kazi ya siku tano. Mpaka leo nikikumbuka zile waya zilivyokaa, zimenyooka, zimefungwa kila baada ya kiganja kimoja, nasikia raha.

Jioni ya Alhamisi, giza lilipoanza kuingia, tukaenda kujaribu. Zachary akaendesha mpaka Kiminini na kurudi, mwendo wa themanini. Miti ya kando ya barabara ilionekana jani kwa jani. Tulipofika kibandani nikashuka nikaigusa taa kwa kiganja. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai, basi.

"Nasike, wewe ni hatari!" Zachary akasema. "Nitawaambia watu Kitale yote!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa jioni nzima na kesho yake mchana kutwa, na madereva sita, na Kizito, na wauza nyanya wa pale nyuma ya soko. Sikulala vizuri kwa furaha.

Jumamosi saa tatu asubuhi msafara uliingia kwetu. Nilikuwa nimetangulia tangu Ijumaa kumsaidia Joan, kwa hiyo niliuona kama walivyouona wengine. Corolla sita nyeupe, taa kumi na mbili, na jua la Desemba limetoka lote, lakini zile taa ulizihisi usoni. Watoto waliziba macho wakipiga kelele. Vijana wa pale kijijini walikuwa wanawapokea madereva kwa makofi.

"Niaje, bana! Hizi mataa ni noma!"

"Si hata ni kama stadium!"

Nilikuwa nimeshika gauni la Joan lisiguse vumbi. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesimama na Baba, hatua mbili kutoka nilipo, akauliza kile nilichokuwa nakingoja.

"Jairus, hizi taa zilifungwa wapi? Sijaona taa kama hizi."

Baba alijiweka sawa koti lake.

"Kuna kampuni moja huko Kitale," akasema.

Kampuni! Nilitaka kuliachia lile gauni kwenye vumbi nikamwambie yule mzee jina la kampuni. Joan alinishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Dada, tafadhali. Leo usianze."

Sikuanza. Nilimeza. Lakini nilisema moyoni: sawa, Baba, siku bado ni ndefu, na hizi taa hazijamaliza kuwaka.

Shangazi Edah, dada yake Baba, akayafunga magari maua. Shangazi hafanyi kitu nusu. Alizungusha kitambaa kipana cha zambarau mbele ya kila gari, juu ya bampa mpaka kwenye boneti, mafundo makubwa pande zote mbili karibu na taa, mpaka pale panapoingilia upepo kwenye rejeta pakaonekana kama zawadi. Kisha tukatoka.

Kutoka kwetu mpaka kanisani ni kilomita mbili za barabara ya murram. Kwa gari ni dakika tano. Lakini bibi harusi wetu hapelekwi kwa dakika tano. Akina mama walitangulia mbele ya gari la kwanza wakiimba na kucheza, wakirudi nyuma, wakiendelea, wakisimama kabisa kila wanapofika kwenye boma la mtu ili na wa hapo watoke wacheze. Magari yanawafuata kwa mwendo wa kobe, taa zote juu. Tulichukua saa moja na robo. Nilikuwa kwenye gari la kwanza na Joan na Baba, Zachary akiendesha, na niliona watu wanavyonyanyua mikono kukinga macho. Nilijivunia kila mkono.

Kufika kanisani, mlango umefungwa. Harusi nyingine, ya watu wa Kamukuywa, ilikuwa bado ndani, mhubiri wao hajui kumaliza. Magari yao yalikuwa yamepangwa uwanjani, yamezimwa, madereva wamekaa kwenye nyasi. Wetu wakaingia wakajipanga mkabala nayo, taa zikiwaelekea usoni.

Zachary alinigeukia. "Fundi, tuzime? Tutangoja sana."

Baba alikuwa ameshuka na amesimama pale pale, akiwasalimia watu. Nikamtazama mgongoni. Nikawatazama wale wa Kamukuywa na taa zao zilizolala.

"Usizime," nikasema. "Hata moja. Waambie wote waache injini ziendelee, betri haitakufa. Nimezifunga mimi."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, siyapunguzi. Ilikuwa yapata saa tano, jua limekaza. Injini sita zilikuwa zinanguruma pale pale, bila upepo hata wa kutikisa kitambaa cha Shangazi, na balbu kumi na mbili za wati mia zinapata umeme wote kamili kupitia waya zangu nzuri.

Baada ya nusu saa hivi nilisikia harufu.

Mtu wa kazi yangu akisikia harufu ya plastiki huwaza waya kwanza. Niliruka nje, nikafungua boneti, nikazishika waya zangu moja moja. Zilikuwa baridi. Rilei baridi. Nilishukuru Mungu, na nilikuwa bado namshukuru nilipoinua macho nikaona moshi mwembamba unatoka mbele, ndani ya taa yenyewe.

Nilizunguka. Uso wa taa ulikuwa umevimba upande wa juu na kuwa mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ndani, ile fedha ya kujipodoa ilikuwa imekuwa kahawia, imekunjamana, na kando ya balbu plastiki ilikuwa inateremka taratibu kama uji mzito. Ile ya kushoto ilikuwa vilevile. Nikatazama gari la pili. La tatu.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zimeni zote! Joan, shuka!"

Joan alishuka na gauni lake, amejishika mdomo. Watu wakakimbia kuja. Magari matatu ya mbele taa zake zilikuwa zimekwisha kabisa. Za matatu ya nyuma zilikuwa zimechafuka rangi tu, hazijaharibika umbo. Wale madereva wa Kamukuywa waliinuka kutoka kwenye nyasi, polepole, wana raha ya watu waliotukanwa kisha wakalipiwa na Mungu.

"Ati taa zenu zimeiva?" mmoja akasema. "Si mtupakulie, basi! Ugali iko!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zachary alikuwa amekufa kwa aibu, na mtu aliyekufa kwa aibu hutafuta wa kuzikwa naye.

"Ni huyo Naim," akasema kwa sauti. "Ni huyo mwenye duka la spea Bungoma. Ametuuzia taa feki!"

"Mimi nilijua," akasema Shangazi Edah, ambaye hakuwa akijua lolote. "Hawa watu ya spea ni wezi tu. Wanaona harusi wanasema hawa hawatarudi."

Baba alisogea. Watu wakampisha, kama walivyokuwa wakimpisha barazani. Akaiangalia ile taa, akaivuta puani ile harufu, na uso wake ukakaza.

"Jumatatu nitakwenda mimi mwenyewe," akasema. "Nitamchukua chifu na askari wawili. Duka hilo litafungwa. Mtu hawezi kuharibu siku ya mtoto wangu na akae."

Watu wakaitikia. Wakasema ndiyo, Mzee, afungiwe. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi.

Nilinyamaza. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Nilinyamaza, labda kwa dakika nzima. Lilikuwa jambo rahisi kuliko kuunga waya mbili. Sikuhitaji hata kusema uongo, nilihitaji tu kuendelea kutazama ile taa kwa masikitiko kama wengine. Jina langu lingebaki safi Kitale. Na Baba, hata kama hajawahi kunitaja, angekuwa amesimama upande wangu. Niliutaka sana upande huo.

Lakini nilikumbuka kidole cha Naim kwenye mgongo wa taa. Na hasira zangu, ambazo tangu asubuhi zilikuwa zinamtafuta Baba, zikanigeukia mimi. Kwani kazi yangu ni nini? Gari likiharibika natafuta kosa liko wapi. Sitafuti ningependa liwe wapi. Fundi anayejua kosa lilipo na akaonyesha mahali pengine, si fundi tena, hata waya zake zingenyooka namna gani.

"Baba," nikasema. "Naim hana kosa."

Akageuka.

"Taa zake ni nzuri. Ziliandikwa sitini, na alinisomea mwenyewe kwa kidole. Mimi nikaweka mia. Hata hivyo zingevumilia barabarani, kwa sababu gari likikimbia upepo unazipoza. Lakini tumetembea nazo kwa miguu, tukasimama nazo juani, na Zachary alipouliza tuzime nikamwambia asizime. Ni mimi niliyezifunga, Baba. Hakuna kampuni."

Wachache waliokuwa karibu walisikia: Zachary, Shangazi, yule mzee wa kanisa, Joan. Baba alinitazama vidole, kisha uso, na sikuweza kusoma chochote. Wakati huohuo mlango wa kanisa ukafunguka, harusi ya Kamukuywa ikamwagika nje na vigelegele vyao, na mashemasi wakaanza kutuita kwa mikono. Baba akampa Joan mkono wake. Wakaingia.

Nilijua nimepoteza. Nilijua ameondoka na kile nilichokuwa nakitaka, na kwamba nimemfungulia mlango mimi mwenyewe aondoke nacho. Kulia ningelia baadaye. Magari sita yalikuwa uwanjani na bibi harusi angetoka baada ya saa mbili.

Nikampigia Naim.

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Zimepika. Tuko Misikhu, harusi ya mdogo wangu. Una taa ngapi?"

Nikangoja anicheke, alikuwa na haki.

"Sita," akasema. "Balbu za sitini unataka ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Namwachia Zaitun duka, nakuja. Usiguse hizo za moto na mkono, dada."

Nilijifunga leso juu ya gauni la manjano la wasimamizi, nikachukua zana za gari la Zachary, nikaanza. Toa vile vitambaa vyote vya Shangazi. Legeza bampa. Toa taa zilizoharibika. Kutoka ndani ya kanisa nilisikia kwaya, kisha kimya, kisha makofi, nikajua mdogo wangu ameapa. Nilikuwa nimemlea Joan tangu mama yetu alipofariki, na sikumwona akiapa. Nilikuwa na bisibisi mkononi na kichwa ndani ya boneti. Hilo nalo ni la kwangu, nilijilipisha.

Naim alifika na pikapu yake, amekunja mikono ya kanzu, maboksi yamepangwa vizuri nyuma. Hakusema nilikwambia. Aliitazama ile taa iliyovimba, akapiga mluzi mdogo, kisha akaitazama kazi ya waya.

"Waya zako hazijaungua hata moja," akasema.

"Hata moja," nikasema.

Na nisiwadanganye, katikati ya aibu yote ile, nilijivuna.

Tukafanya kazi, yeye akishika, mimi nikifunga. Kufikia mwisho wa ibada nilikuwa nimeweka balbu ndogo kwenye magari matatu ya nyuma, na taa mpya nne kwenye mawili ya mbele. Zilibaki mbili, za gari la bibi harusi. Hapo kanisa likafunguka na watu wote wakatoka kwa mpigo, mchele unarushwa, watu kama mia tatu, na Joan amemshika Kizito mkono.

Vijana wa kwanza kutuona walikuwa marafiki wa Kizito. Walimwona Naim, kofia kichwani na taa mkononi. Habari za duka la Bungoma zilikuwa zimezunguka uwanja mzima. Zile nilizosema mimi zilikuwa zimebaki na watu wanne.

"Ndiye huyu! Huyu msee ndiye ametuuzia feki!"

"Na amekuja kuuza zingine! Ana roho, ati!"

Mmoja akampokonya taa. Mwingine akamsukuma kifuani, naye akarudi nyuma mpaka kwenye pikapu. "Mimi?" akasema. Alinitazama, hakuelewa, na nilijua anadhani ni mimi niliyewaambia hivyo. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono wangu umenasa nyuma ya bampa. Nilikuwa nauvuta ili niinuke nipige kelele, niuchubue kama ni kuchubuka, niliposikia sauti ya Baba.

"Mwacheni."

Hakuisema kwa nguvu. Hakuwahi kuhitaji nguvu. Vijana wakasimama. Baba alikuja katikati yao, akaichukua ile taa kutoka kwa yule kijana, akamrudishia Naim kwa mikono miwili.

"Huyu hana kosa hata kidogo. Alitoa onyo, na leo ameacha duka lake kuja kutuokoa. Kosa ni la fundi aliyezifunga."

"Fundi gani, Mzee?" mtu akauliza. "Si ulisema ni kampuni?"

Baba alikuwa na njia nyingi za kupita. Kampuni ingeweza kubeba lawama vizuri tu, kampuni haina uso. Niliuacha mkono wangu palepale ulipo, nikangoja.

"Nilisema," akasema Baba. "Nilidanganya. Fundi ni Nasike, binti yangu wa kwanza, huyu hapa. Hana ofisi. Anafanya umeme wa magari huko Kitale, miaka kumi sasa, na pesa zilizomsomesha bibi harusi zilitoka kwenye mikono hiyo mnayoiona imechafuka. Leo amekosea. Na amekuja akaniambia mwenyewe, hajaulizwa, wakati mimi nilikuwa naandaa askari wa kumfungia mtu mwingine duka. Nilikaa barazani miaka ishirini na miwili nikisikiliza kesi zenu. Watu walioniambia 'ni mimi' kabla sijawauliza, mkono huu mmoja unatosha kuwahesabu."

Nilikuwa nimeota nikitajwa mbele ya taa zinazowaka. Katika ndoto zangu zote hakukuwa na taa iliyoyeyuka, wala leso yenye grisi, wala neno "amekosea". Lakini nawaambia, hata angenitaja mbele ya taa elfu nisingejisikia vile. Hapo angekuwa anaonyesha taa. Sasa alikuwa ananionyesha mimi.

Akanigeukia. "Zimebaki ngapi?"

"Mbili, Baba."

"Basi watu wangoje. Fundi amalize."

Na watu wakangoja. Mhubiri alingoja, kwaya ikangoja, Kizito na Joan walingoja juani wakishikana mikono, na Shangazi Edah aliyeanza kusema wali utaharibika alitazamwa mara moja na kaka yake akanyamaza. Niliinama nikaendelea. Machozi yalikuwa yanateremka na sikuwa na mkono safi wa kuyafutia, nikayaacha.

Naim aliishika taa mahali pake. Nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kutafuta skrubu nilizoweka juu ya gazeti, na zikawa hazipo. Baba alikuwa amechuchumaa kando yangu na suti yake ya harusi, ameziokota zote, amezikusanya kiganjani. Akanipa moja. Nikaifunga. Akanipa ya pili, akasogea karibu zaidi, akaichungulia nafasi iliyobaki nyuma ya taa.

"Na hii," akaniuliza kwa sauti ya chini, "inaingia wapi?"

Nikamshika mkono, nikamwonyesha.